Nafasi ya Mgeni wa Kwanza

Shangazi yangu Masue Terauchi alipika chakula cha shule tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na miaka hiyo yote alikuwa pia mwanafunzi wa sanaa ya chai wa bibi mmoja, Mwalimu Onda. Nasema mwanafunzi kwa sababu ndivyo alivyoitwa. Ukweli ni kwamba alikuwa mwosha mabakuli. Kila Jumanne jioni, akishaachana na masufuria ya watoto, alivua aproni moja, akapanda baiskeli hadi nyumbani kwa mwalimu, nyuma ya handaki la ngome, akavaa aproni nyingine na kuingia jikoni.

Hapa Matsue, mji wetu wa Japani, chai ya unga si siri ya mtu. Hata fundi bomba huinywa akiwa amekaa kizingitini mwa nyumba ya mteja, bakuli mkono mmoja, sigara mkono wa pili, na chai haijawahi kumkasirikia. Lakini kina Mwalimu Onda ni watu wa aina nyingine. Wao hawanywi chai, wanaiabudu, na kama ilivyo kwa kila ibada ya namna hiyo, kuna wanaokaa mbele na kuna wanaofagia.

Ukimwuliza Mwalimu Onda maana ya mambo yote hayo, atakujibu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa kwamba ndani ya chumba cha chai hakuna mkubwa wala mdogo. Atakuonyesha kile kimlango cha kutambaa nyumbani kwake, na atakusimulia jinsi mabwana wa vita wa zamani walivyoacha panga zao nje wakaingia kwa magoti kama watu wengine. Nilimsikia akiyasema hayo nikiwa sekondari, nikaamini hadi machozi yakanilengalenga. Tangu hapo nimemaliza chuo kikuu, nimesoma historia, na ninachojua sasa ni kwamba bwana mkubwa akishatambaa anakwenda kukaa palepale alipowekewa, mahali pa juu kabisa, na aliyekisugua kile kimlango asubuhi hayumo ndani.

Pahali pa juu ni pa mgeni wa kwanza. Kwenye zile hafla kubwa za chai, za kuingia kwa tiketi, watu huingizwa ukumbini kwa mkupuo na kukalia visigino vyao kuzunguka kuta. Mgeni wa kwanza hukaa karibu na maandishi yaliyotundikwa ukutani. Ndiye anayezungumza na mwenyeji kwa niaba ya wote. Na ndiye anayetengenezewa chai mbele ya macho yake, na mwenyeji mwenyewe, ndani ya bakuli bora la siku hiyo. Sisi wengine tunaletewa chai iliyopigwa jikoni na wanawake wenye aproni, katika mabakuli yanayofanana kama sahani za kantini. Mpigaji mkuu wa chai hiyo ya jikoni alikuwa shangazi.

"Bi Terauchi ameumbwa kwa ajili ya majiko," Mwalimu Onda alipenda kusema, na wanafunzi wenzake shangazi wakacheka vizuri, mikono midomoni.

Shangazi alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa watu hao. Mwalimu ana bakuli la kijivu, zito kidogo, lenye rangi ya ziwa letu siku ya mawingu, alilorithi kwa mwalimu wake. Shangazi ameliosha kwa maji ya uvuguvugu, amelipangusa, amelifunga kwenye kitambaa chake na kulirudisha kwenye sanduku, zaidi ya mtu yeyote aliye hai. Hajawahi kulinywea. Alitaka akae nafasi ya kwanza siku moja, Mwalimu apige magoti mbele yake, ampigie chai ndani ya bakuli lile na kumkabidhi.

"Siku moja tu," aliniambia. "Halafu hata magoti yakigoma, potelea mbali."

Tatizo ni kwamba kwa watu hawa nafasi ya kwanza haiombwi, na wala haikubaliwi. Ukikaribishwa, adabu inataka ukatae. Ukikaribishwa tena, kataa tena. Unakubali pale tu unapobembelezwa kana kwamba unapelekwa kung'olewa jino. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakisukumana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa nguvu za mpiga mieleka, huku maji yakipoa birikani na watu wa kikao kinachofuata wakilowa mvua uani. Wote wanajua nani ataishia kukaa pale. Wanajua tangu tiketi zilipochapwa. Lakini lazima waigize, na wanauita mchezo huo unyenyekevu.

Vuli moja hafla ilikuwa kwenye hekalu lililo kando ya mto. Kikao cha mwisho cha siku, waliokuwa jikoni huruhusiwa kuvua aproni na kuingia kama wageni. Nilinunua tiketi ya kikao hicho kwa ajili yake tu. Mwalimu Onda alisimama mlangoni mwa ukumbi, kimono chake cha rangi ya majivu kimenyooka kama ubao.

"Bi Terauchi," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu za viatu, "leo nafasi ya juu ni yako. Umetutumikia mno. Karibu, karibu."

Niliona masikio ya shangazi yakiwa mekundu kwa furaha. Akainama sana.

"Jamani, Mwalimu! Mtu kama mimi? Nitawaaibisha."

"Ah," akasema Mwalimu Onda. "Kweli, na yale magoti yako. Basi nisikutese. Bi Kageyama, tuokoe wewe."

Bi Kageyama ni mke wa daktari wa meno. "Mimi? Hapana, hapana, hata kimono nilichovaa ni cha kwendea sokoni!" alilia, akiwa ndani ya hariri ambayo haijawahi kuliona soko. "Aibu gani hii mnanipa!" Na huku akilalamika aibu alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi.

Shangazi alikaa karibu na mlango. Alikunywa chai ya jikoni, ile aliyoiacha ameipima mwenyewe, akatabasamu kwa kila mtu.

Ndani ya gari nilishindwa kujizuia.

"Kwa nini hukusema ndiyo?"

"Mtu hasemi ndiyo hapohapo, Yasuki. Unasema ndiyo ukishabembelezwa."

"Na yeye hakukubembeleza."

"Alikuwa na haraka. Watu walikuwa wengi."

"Kageyama mbona alimbembeleza?"

"Bi Kageyama ana kelele."

"Shangazi, Mwalimu wako alijua utakataa. Ndiyo maana alikukaribisha kwa sauti kubwa. Amejipatia sifa ya ukarimu na haikumgharimu hata tone la chai!"

Alitazama nje dirishani. "Wewe chuo kimekufundisha kuwaza vibaya watu," akasema. Baada ya taa mbili za barabarani akaongeza, taratibu, "Ingawa ni kweli mwaka juzi pia alisema habari ya magoti."

Nilimdharau Mwalimu Onda, hilo halihitaji kusemwa. Lakini usiku ule nilimdharau kidogo na shangazi pia. Mwanamke aliyeweza kumnyamazisha mkaguzi wa afya kwa mwiko mkononi, anayeyeyuka mbele ya bibi kizee mwenye upepeo mdogo kwenye mkanda! Ni mafunzo gani haya, ya kumfundisha mtu kukikataa kile anachokitaka, kisha kulichukua neno lake kama lilivyo?

Hafla ya masika ilipokaribia, niliamua kumfanyisha mazoezi. Tulikuwa tunakula kwake, mchuzi wa kome wadogo wa ziwani na samaki wa kuchoma. Nikajitupia taulo ya jikoni begani, nikasimama mlangoni.

"Bi Terauchi, tafadhali, nafasi ya juu ni yako."

"Hapana, hapana, mimi..."

"Shangazi!"

"Imetoka yenyewe!"

"Tena. Bi Terauchi, tafadhali."

"Mwalimu Onda hana sauti ya mbuzi namna hiyo."

"Usinikwepe. Tafadhali!"

"Nita..." Akafunika uso kwa vijiti vya kulia. "Jamani, mbona mashavu yanawaka? Ni kama naiba."

"Unaiba nini? Umekaribishwa!"

"Kaa ule, samaki anapoa. Wewe hujui watu watasemaje."

"Watasema umekaa."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilipokuwa naosha vyombo nilimsikia sebuleni akinong'ona peke yake: "Asante, Mwalimu. Nitakaa. Asante, Mwalimu. Nitakaa." Alikuwa anajizoeza kama mtoto anayejizoeza kuvuka barabara.

Siku yenyewe, hekaluni palepale, mvua ilinyesha, kama inavyonyesha kwetu siku yoyote yenye maana. Kikao cha mwisho, Mwalimu Onda alisimama mahali pake mlangoni. Alikuwa na tabasamu lilelile na pumzi ileile ya kabla ya kusema. Sina shaka kwamba angemkaribisha shangazi kila mwaka mpaka mmoja wao afe, kwa kuwa hakuna zawadi rahisi kama ile inayorudi mfukoni mwako kila unapoitoa.

"Bi Terauchi, wewe uliyetutumikia mno. Leo nafasi ya juu ni yako."

"Asante, Mwalimu," shangazi akasema. "Nitakaa."

Bi Kageyama alikuwa ameshaanza hapana yake. Ilimtoka nusu, ikabaki inaning'inia hewani, na yeye akabaki ameinua mkono mdomoni kama aliyemeza nzi. Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja wa duka la kimono akatazama soksi zake nyeupe. Shangazi akapita katikati yao, akiteleza juu ya mikeka hatua fupifupi jinsi alivyofundishwa, akafika chini ya maandishi ya ukutani, akapiga magoti. Nilisikia magoti yenyewe yakilia kutoka nilipokuwa.

Nilitaka kupiga makofi. Nilidhani nimeshuhudia ukuta ukianguka.

Mwalimu Onda akainama, tabasamu halikupungua hata uzi. Akatoka kwenda kuleta vyombo. Alikawia. Aliporudi, akisogea taratibu na macho chini, mikononi alikuwa na bakuli la kahawia.

Huenda msomaji akaona bakuli ni bakuli. Lile la kahawia ni la akiba. Hutolewa siku za maonyesho, watoto wa shule wanapokuja kujifunza jinsi ya kukaa. Bakuli la kijivu shangazi alikuwa ameliacha yeye mwenyewe kwenye rafu ya jikoni, limeshapashwa kwa maji ya moto, tayari kwa kikao hiki. Hakuna mtu mwingine ila Mwalimu Onda ambaye angeweza kulibadilisha.

Nilimtazama shangazi. Mikono yake juu ya mapaja ilijikaza kidogo, basi. Adabu inamtaka mgeni wa kwanza aulize juu ya vyombo, naye akauliza.

"Maandishi haya ya ukutani, Mwalimu, yametoka kwa nani?" Alikuwa ameyatundika yeye asubuhi, juu ya ngazi.

"Kwa mkuu wa zamani wa hekalu hili. Ni neno moja tu: Amani."

"Linatutuliza kweli. Na bakuli hili?"

"La fundi wa hapahapa mjini. Bado kijana. Anajitahidi."

"Kweli anajitahidi." Nilidhani amemaliza. "Na lile la kijivu, Mwalimu? Leo limepumzika?"

Vichwa vyote ukumbini viligeukia kwa Mwalimu Onda.

"Kwa bahati mbaya nimeliona lina ufa," akasema Mwalimu Onda.

"Maskini. Nililiosha baada ya kikao kilichopita, sikuuona."

"Macho huchoka, Bi Terauchi, tukifika umri wetu."

Watu wakatabasamu kwa pamoja, kwa utulivu, jinsi watu wenye malezi wanavyotabasamu mtu akipigwa kofi kwa adabu. Shangazi akainama. Akalipokea bakuli la kahawia, akalizungusha kidogo kiganjani ili asiweke mdomo upande wake wa mbele, akanywa, akavuta funda la mwisho kwa sauti kama inavyotakiwa, akasema chai imekaa sawasawa. Alisema yote. Hakuruka neno. Nilikuwa nimekaa ukutani miguu imekufa ganzi, na niliyachukia yale maneno yote mazuri, kila moja, na nilijiuliza kama katika historia yote ya nchi yetu imewahi kubuniwa njia safi zaidi ya kumtemea mtu mate.

Amani! Lilikuwa limeandikwa kubwa kabisa, juu ya kichwa chake.

Kikao kilipokwisha nilizunguka nyuma kumchukua. Jikoni wanawake wawili walikuwa wanapangusa mabakuli. Shangazi alikuwa amefunga mikono ya kimono kwa kamba, amesimama mbele ya rafu. Alilichukua bakuli la kijivu, akalipeleka dirishani, akalizungusha kwenye mwanga, ndani na nje. Kisha akaligonga kwa ukucha. Likalia sauti ndefu na safi.

Akachota unga wa chai, akaumwagia humo. Akabonyeza chupa ya maji moto, akashika kipigio cha mwanzi, akapiga kwa kasi ya mtu aliyewahi kukoroga mchuzi wa shule nzima.

"Dada Terauchi," mmoja wa wale wanawake akanong'ona, "hilo la Mwalimu! Dada, jamani!"

Shangazi akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa, akiwa amesimama, bila kulizungusha, kama fundi bomba. Hapo ndipo Mwalimu Onda alipoingia.

"Bi Terauchi."

"Naam, Mwalimu."

"Bakuli hilo..."

"Halina ufa, Mwalimu. Lingekuwa nao lingevuja." Akamalizia iliyobaki. "Mdomo wake ni mnene kidogo. Sikujua."

Mwalimu Onda alinitazama mimi, akawatazama wale wawili na vitambaa vyao, kisha tabasamu likarudi mahali pake kama droo inayofungwa.

"Nafurahi kusikia. Leo umechoka sana, Bi Terauchi. Sasa inabidi upumzike. Pumzika vizuri."

Wale wanawake wakainamisha vichwa juu ya mabakuli yao. Kwetu mtu akiambiwa apumzike namna ile, anaelewa kwamba mlango umefungwa, na wanaosikia wanaelewa kwamba hawakusikia kitu. Shangazi akaliosha bakuli. Hata hapo! Akaliosha kwa maji ya uvuguvugu, akalipangusa, akalifunga kwenye kitambaa chake, akaliweka sandukuni na kuniambia twende.

Barabarani mimi ndiye niliyekuwa na maneno.

"Umewashinda, Shangazi! Uliona uso wake? Wote wamebaki uchi pale na hariri zao. Ungewatazama! Kesho mji mzima utajua kwamba alidanganya juu ya bakuli ili tu mpishi asilinywee!"

"Punguza mwendo, barabara inateleza."

"Lakini si umelinywea?"

"Nimenywa chai niliyojipigia mwenyewe, nimesimama, jikoni," akasema. "Hiyo nimeinywa maisha yangu yote. Ya leo ilikuwa ndani ya chombo kizuri, basi." Akafuta ukungu kwenye kioo kwa ncha ya mkono wa kimono, jambo ambalo hangelifanya kamwe kabla ya siku ile. "Nilitaka nitengenezewe, Yasuki. Na mtu anayependa kunitengenezea. Hilo huwezi kulichukua kwenye rafu."

Mji haukujua kitu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Wale waliokuwepo walifunga midomo, kwa malezi, na hafla ya vuli ikatangazwa kama kawaida na neno zuri kutoka kwa Mwalimu Onda kuhusu usawa wa binadamu mbele ya bakuli la chai.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwa shangazi simu ilipolia. Alikuwa Mwalimu mwenyewe. Nilisikia sauti yake ile ya kuzungumza na mgonjwa ikitoka kwenye kipokezi: magoti, umri, kazi nzito ya jikoni, tutajitahidi bila wewe, ingawa itakuwa vigumu. Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, akiinama mbele ya simu kila baada ya sentensi, paji la uso karibu liguse sakafu. "Ndiyo, Mwalimu. Asante sana. Asante kwa kunifikiria. Ndiyo."

Alipokata nililipuka. "Unamwinamia nani? Hayupo hapa! Hawa si watu wa kuinamiwa hata wakiwepo!"

"Simwinamii yeye," akasema. "Mgongo tu umezoea."

Ilikuwa saa ileile ambayo kwa kawaida angekuwa anatafuta ufunguo wa baiskeli, na niliona mikono yake haijui pa kwenda. Niliogopa atalia. Badala yake akajigeuza, akaliegemea kabati, na akainyoosha miguu yote miwili mbele yake juu ya mkeka, miguu mifupi ya mpishi, vidole vikichezacheza ndani ya soksi. Sijawahi kumwona akikaa hivyo.

"Wewe uliyesoma," akasema, "nenda kanitengenezee chai."

"Ya unga?"

"Yoyote. Na usiniletee iliyopoa."

Nilikwenda jikoni kwake, nikafungua kila mlango wa kabati kabla ya kupata majani, nikachemsha maji kupita kiasi, nikamletea ndani ya kikombe chake cha kila siku chenye picha ya sungura. Nikakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Akanywa funda la kwanza na kukunja uso.

"Mbaya," akasema. "Chungu kama dawa."

Akainywa yote.